Vita Vyangu vya Makunduchi

Mume wangu alirudi kutoka vita vya Burma na leseni ya kuendesha malori na kovu refu mgongoni, kutoka begani mpaka karibu na kiuno. Leseni ile ilimpatia kazi ya kuendesha gari la shamba, lile gari la bodi ya mbao lililokuwa likichukua watu na mizigo baina ya Darajani na Makunduchi. Kovu nilikuwa nikiliona mimi peke yangu, anapovua shati. Siku za mwanzo za ndoa yetu nilimuuliza kalipata wapi, akanijibu neno moja tu, "Lori." Nikangoja aendelee. Akaniomba taulo.

Gari lilikuwa linaondoka Darajani mchana, linalala Makunduchi, na linarudi mjini asubuhi na watu wa sokoni. Yeye na dereva mwenzake walipokezana. Kwa hiyo usiku mmoja mume wangu alilala kwangu na usiku wa pili alilala Makunduchi, kama mtu mwenye wake wawili anayegawa zamu. Hilo nililiona tangu mwanzo, na tangu mwanzo sikulipenda, hata kabla sijawa na sababu.

Tulikaa Mkunazini, ghorofa ya kwanza, na dirisha la chumba chetu lilikuwa juu ya barza. Siku anazokuwa mjini, baada ya sala ya alasiri, alishuka akakaa na wanaume wenzake pale chini, muuza kahawa akaja na vikombe vyake akivigonga, na mazungumzo yakaanza. Mimi nilivuta kigoda dirishani nikachambua mchele. Mchele wangu miaka ile haukuwa na hata chembe ya mchanga, nilivyokuwa nikiuchambua kwa muda mrefu.

Mwaka ule habari zote zilikuwa za Mfereji wa Suwesi. Mwenye mgahawa wa pembeni alikuwa na redio, na kila taarifa ya habari ilipokwisha watu walikuja mbio barzani kumuuliza mume wangu, kwa kuwa wengine wote pale vita walivijua kwa kusikia.

"Yakhe, we ulokwenda vitani, hebu twambie. Mwingereza atauchukua Mfereji?"

"Atauchukua," alisema mume wangu.

Ikawa vurugu. Barza nzima ilikuwa na Misri, mpaka muuza kahawa. Mume wangu alingoja wanyamaze, akanywa kahawa yake.

"Atauchukua na ataurudisha," alisema. "Kuchukua ugenini ni kazi ya siku chache. Kukaa ndo vita. Ukishauteka mji wa watu, we ndo unolinda maji yao, we ndo unosuluhisha ugomvi wao, na kulala hulali. Mwenye mji kakaa zake kitako anakutazama unavyochoka."

Ikawa vile vile alivyosema, au karibu yake. Waingereza walipoondoka kule Misri mume wangu alipata heshima ambayo hata kadhi hakuwa nayo mtaani kwetu. Watu walitoka Malindi kuja kumsikiliza. Na yeye, ambaye ndani ya nyumba alikuwa mtu wa "ndiyo" na "hapana", pale chini alifunguka.

Alikuwa na namna yake ya kuviona vita, na mimi naijua kwa moyo, kwa kuwa niliisikia yote kutoka juu. Hakupenda mtu amwambie jeshi fulani lina mizinga mingapi. "Usinambie mizinga," alikuwa akisema. "Nambie chakula chake kinapita wapi." Alisema Mjapani hakuwa mwoga, hajapata kuona mtu asiyeogopa kufa kama yule, lakini aliutangulia mchele wake. Aliuacha nyuma, akasema atakula wa Mwingereza. Basi wao kazi yao ikawa moja, asiupate. Mvua ikashuka, njia ikawa uji, Mjapani akala majani, kisha akala nyumbu wake mwenyewe.

Na siku nyingine aliwaambia habari ya chumvi. "Watu wa milimani kule hawakutupenda sisi wala Mjapani. Watupendee nini, na tumewakanyagia mashamba? Siku tuloanza kuwapelekea chumvi ndo siku tuloanza kuambiwa Mjapani kalala wapi. Ugenini huna mwenyeji mpaka umtengeneze."

Na tena alikuwa na neno alilolirudia kila mara walipozungumzia kuzingira miji. "Usimzibe adui pande zote. Mwachie kijia. Akiona pa kutokea, atatoka. Akiwa hana pa kutokea, atakufa na wewe."

Wanaume walitikisa vichwa. Mimi juu nilikuwa nikipasuka kwa wivu. Sisemi nilikuwa nikiona fahari, ingawa ilinipasa. Muuza kahawa alijua jinsi mume wangu alivyovuka mto kwa kamba akiwa na homa. Mshona viatu alijua alikula nini siku ya Idi kule porini. Mimi mkewe nilijua anapenda chumvi kidogo kwenye mchuzi. Siku moja nilipopata ujasiri nikamwambia, "Na mimi nisimulie basi," alinitazama kama niliyemwomba tochi mchana. "Vita ni vita, mke wangu," akasema. "Utasikia nini cha maana?"

Hayo bado nilikuwa nikiyavumilia. Wanaume wana barza yao, na mwanamke hashindani na barza. Lakini siku moja alirudi kutoka Makunduchi na msala.

Ulikuwa msala wa ukili, wa minyaa ya ukindu iliyotiwa rangi ya zambarau na nyekundu, umesukwa kwa wembamba ambao sijapata kuuona. Aliutandika upande wa kibla, akasali juu yake adhuhuri ile ile.

"Umenunua?" nilimuuliza alipotoa salamu.

"Nimepewa."

"Na nani?"

"Na mjane wa mwenzangu."

Mjane huyo nilikuwa nikimjua kwa habari. Mwenzake wa lorini kule Burma, mtu wa Makunduchi, alifia huko huko, na mume wangu tangu aliporudi alikuwa akimpelekea mjane sukari na mafuta ya taa. Hilo alinambia kwa sababu ilibidi anambie, mafuta yakitoka nyumbani kwangu. Nilijua pia kwamba mjane ana binti mmoja. Mimi sikuwa na mtoto, na katika miaka ile hapakuwa na jirani ambaye hakunikumbusha.

Nilikubali sukari. Nilikubali mafuta. Lakini mwanamke hasuki msala ule kwa ajili ya sukari. Nilimwona mume wangu akisujudu, paji la uso wake juu ya kazi ya mikono ya mwanamke mwingine mara tano kwa siku, na wivu ukanipanda. Akitoka nilikuwa nauinua nautazama kwa nyuma, kwa mbele, nikitafuta pahala alipokosea mshono. Sikupaona. Nikauchukia zaidi.

Mwisho niliukunja nikaupeleka Darajani, kwa bibi mmoja wa Makunduchi aliyekuwa akiuza mikoba na mikeka. Nilijifanya nataka kununua mfano wake. Aliupapasa ukingoni kwa kidole gumba.

"Huu haujauzwa, mwanangu," alisema. "Wa kuuza tunaufanya mbio mbio tule. Huu mtu kakaa nao. Na mkono huu naujua."

"Wa nani?"

Akanitajia. Kisha, kwa kuwa hakujua mimi ni nani, au kwa kuwa alijua vizuri sana, akaniongezea habari. Kaka zake mjane yule walikuwa wamemwita yule dereva wa mjini wakamwambia maneno ya kiungwana: unaingia kwetu, unatoka kwetu, watu wana macho, kama una nia, sema. Naye dereva hakusema ndiyo, hakusema hapana. Alisema wampe muda. "Watu wanatizamia Mwaka Kogwa ukipita kutasomwa khutuba ya ndoa," alisema yule bibi, akanirudishia msala wangu. Nasema wangu kwa kuwa mikono yangu ndiyo iliyouchukua kurudi nyumbani.

Sikulia. Nilikwenda nikakaa dirishani, chini wakawa wanazungumza vita, na mimi kwa mara ya kwanza nikasikiliza kwa faida yangu mwenyewe.

Dini inamruhusu. Nikigomba, atakuwa na haki na mimi nitakuwa na kelele. Nikirudi kwa wazee wangu, nitakuwa nimemwachia nyumba. Nikienda kumtukana yule mwanamke mlangoni pake, kijiji kizima kitakuwa chake, na kaka zake wataona wana sababu zaidi ya kumwoza. Hayo ndiyo wanayofanya wanawake wa mjini wakipatwa na mambo haya, na nimewaona wengi wakirudi na mke mwenza juu yake. Walikwenda na mizinga. Mimi nikajiuliza chakula kinapita wapi.

Kilikuwa kinapita kwa yule mwanamke. Mume wangu hakuwa mtu wa kumlazimisha mtu, na kaka zake mjane wasingeweza kumwoza mtu mzima asiyetaka. Ilikuwa yeye tu asiweze kukubali. Asiweze, nikajisemea, na asione kwamba kazibiwa. Aachiwe kijia cha kutokea na heshima yake.

Ndipo nilipokumbuka Mwaka.

Asiyejua Makunduchi, Mwaka Kogwa ndio mwaka mpya wao wa asili, ambapo watu huoga alfajiri, kibanda cha makuti hutiwa moto, na wanaume wa pande mbili hutoka uwanjani wakapigana kwa mapande ya migomba mpaka kila mwenye kinyongo akimalize. Wanawake hujipamba wakazunguka wakiimba. Lakini kuna jambo moja ambalo watu wa mjini tuliokuwa tukienda kutazama hatukulijali sana. Siku ile kila nyumba ya Makunduchi lazima ipate mgeni. Nyumba isiyopata mgeni siku ya Mwaka ina mkosi mwaka mzima. Kwa hiyo ukipiga hodi mlango wowote, hata wa mtu asiyekupenda, utafunguliwa, utakaribishwa, na utakula. Hapana mlango mwingine wa kuingilia nyumba ya adui ulio wazi kama huo.

Nilinunua doti ya kanga mpya, maneno yake ya kheri tupu, sikutaka kanga ya kusutana. Sikuipasua wala kuipinda. Mume wangu nilimwambia nataka kwenda kutazama Mwaka na wanawake wenzangu. Alishangaa kidogo, akasema nenda. Yeye alikuwa huko tangu jana yake, na kwa ajili ya Mwaka gari lake lisingerudi mjini mpaka jioni. Mimi nikapanda gari jingine, la watazamaji, asubuhi, doti iko kifuani chini ya buibui.

Nyumba nilionyeshwa na mtu wa kwanza niliyemuuliza.

"Hodi!"

"Karibu!"

Aliyeitika alikuwa bibi kizee, mama yake, amekaa ukumbini kwenye jamvi. Nilimpa shikamoo, akaniitikia marahaba, nikasema mimi mgeni wa Mwaka kutoka mjini. Uso wake wote ukafunguka. Akamshukuru Mungu kwamba safari hii wamepata mgeni mapema, miaka mingine huwa wanangoja mpaka mchana aje yule dereva, na yule naye, alisema, hata akija havuki ukumbi. "Huweka mzigo wake hapa, anasalimia, mimi nimekaa kati yake na binti yangu, anakula, anakwenda zake. Mtu wa adabu sana."

Niliyasikia hayo. Mtu mwingine angeyasikia akageuka akarudi mjini. Lakini wivu ukishakaa hausikii sehemu kama hiyo, unasikia "huwa wanangoja".

Kisha mwenyewe akatoka uani. Nilikuwa nimejitayarisha kumkuta mzuri, na nasema kwa haki, hakuwa mzuri kunishinda. Alikuwa rika langu, mwembamba, macho matulivu. Vidole vyake vilikuwa vya zambarau mpaka fundo la pili, rangi ya minyaa iliyogoma kutoka. Nilivijua vidole vile, nilikuwa nimekaa na kazi yake miezi.

Walinilisha wali na pweza wa nazi, na mimi nikala, nikala vizuri, nikamsifu mpishi. Tulizungumza habari za mjini. Nikamwambia mimi ni nani. Hakushtuka. Alisema tu, "Nshakujua tangu hodi," akaniongezea mchuzi.

Nilipokwisha kunawa nikaitoa doti.

"Mimi sina dada," nilimwambia, na hilo ni kweli. "Na mji ule umejaa watu wa kusalimiana tu. Nataka shoga."

"Shoga?"

"Shoga wa kweli. Wa mbele za watu."

Nikamwomba kisu. Kwetu ushoga wa namna ile si urafiki wa kupitiana jioni. Watu wawili wakigawana doti moja wakaivaa sare mbele ya kadamnasi, wameshikana undugu. Shoga hamsengenyi shoga yake, hatoi siri yake, na mwanamke atakayeolewa na mume wa shoga yake hatapata wa kumwitikia salamu mpaka kaburini. Siku ya Mwaka zawadi ya mgeni hairudishwi. Yote hayo alikuwa akiyajua kama ninavyoyajua mimi.

Alileta kisu. Akaikamata doti upande wake, mimi upande wangu, tukaivuta ikakaza. Aliitazama kanga, akanitazama mimi, kisha akacheka kidogo bila kutoa sauti.

"Safari yote hii," alisema, "kuja kunipa nusu."

"Ndo desturi."

"Desturi naijua," akasema, na akaishikilia vizuri ili niikate sawasawa. Mama yake akapiga kigelegele.

Tulikwenda uwanjani tumeshikana mikono. Wanawake walituona. Walituuliza, tukajibu, na habari ikazunguka duara lote la waimbaji kabla wimbo haujakwisha: mke wa dereva na mjane, doti moja, angalieni. Mapigano yalikuwa yamepamba moto. Mume wangu, mtu wa mjini, hakuwa na haki ya upande wowote, lakini kila mwaka walimwachia asimame pahala pa mwenzake aliyefia Burma, na hilo nalo sikulijua mpaka siku ile. Alikuwa ameinua pande la mgomba juu, anataka kumshushia mtu, macho yake yakatua kwetu. Aliona kanga moja, akaona ya pili. Mkono ukamsimama hewani, na yule aliyekuwa apigwe akamtandika yeye sikioni, maji ya mgomba yakamrukia uso mzima.

Wanawake walivunjika mbavu. Shoga yangu alicheka mpaka akaniegemea, na mimi nikacheka, na katikati ya kucheka nikaona uchungu kwamba kicheko chake kilikuwa kizuri.

Tulirudi mjini kwa gari lake, mimi nimekaa mbele karibu yake. Tulifika Kiembe Samaki, karibu ya mjini, sikio lake bado jekundu. Kisha akauliza:

"Nani kakupa akili hii?"

"Dirisha," nilimwambia.

Alifikiri kidogo, akaelewa, akacheka peke yake kwa muda. Hakukasirika. Mpaka leo sijui kama alikuwa amekusudia kuoa ama hakukusudia, na sikumuuliza, kwa kuwa jibu lolote lingeniumiza.

"Haya," alisema. "Umeiteka Makunduchi. Sasa ukae."

Nilidhani ni mzaha wa kushindwa.

Kaka zake shoga yangu hawakurudia tena maneno yao. Yule bibi wa Darajani alinambia mwenyewe, safari hii akijua vizuri anazungumza na nani: nani atayataja, na wamevaa sare mbele ya kijiji? Nilikuwa mwanamke mwenye furaha kwa muda, naweza kusema mpaka mvua za vuli.

Ndipo shoga yangu alipokuja kunitembelea. Alikuwa na haki. Alikuja na binti yake na mkoba wa viazi vikuu na pweza mkavu, akakaa siku kadhaa, na mtu hamhesabii shoga yake siku. Akaondoka, akarudi tena mwezi wa pili. Alinisaidia kazi, alinisuka nywele, alinikanda mgongo. Binti yake akaniita mama mdogo. Sikuwa na la kulalamika, na hiyo ndiyo iliyokuwa taabu yangu.

Kwa kuwa zamani, kule kwao, mume wangu alikuwa mwanamume wa kando, haingii, hazungumzi, bibi kizee amekaa katikati kama boma. Sasa yule mwanamke alikuwa shoga wa mkewe. Alikuwa shemeji. Shemeji anataniwa, anakaribishwa chai, anakaa ukumbini mlango wazi na hapana wa kusema neno. Barabara niliyokwenda kuikata, mimi ndiye niliyeitia lami na kuipitisha katikati ya nyumba yangu.

Wakawa wanazungumza. Mimi niko jikoni nasukuma chapati, nawasikia. Sikusikia maneno, nilisikia sauti. Ile haikuwa sauti ya barzani. Barzani mume wangu alisema kama mtu anayesoma, kila neno liko pahala pake, mchele wa Mjapani, chumvi ya milimani. Hapa alikuwa akisema kidogo, ananyamaza, anatafuta, anaanza upya. Mara moja nilimsikia akivuta pua. Nilifuta mikono nikaingia na sinia ya chai, na yeye akageuka akanitazama kwa huruma, huruma ya mtu anayekupenda.

"Chai hiyo? Ahsante, mke wangu."

Na mazungumzo yakawa ya bei ya karafuu.

Nilimwonea wivu shoga yangu kuliko siku ambazo nilidhani ataolewa. Mke mwenza ungegawana naye mume, usiku wake na usiku wako, na kadhi yupo ukidhulumiwa. Kile alichokuwa nacho huyu hakina zamu. Alikuwa akipewa yale yaliyokuwa chini ya hadithi zote za barzani, yale ambayo hayakuwa na mbinu wala ushindi, na mimi nilikuwa nikimpikia chapati ili apewe vizuri.

Mwaka uliofuata, wakati wa kiangazi, tulikuwa sisi wawili tu nyumbani asubuhi moja. Alikuwa amekaa sakafuni karibu ya dirisha anasuka, mimi nampa minyaa mmoja mmoja kutoka kwenye beseni la maji. Alikuwa akinisukia mimi msala, zambarau na nyekundu, wembamba ule ule. Nilikuwa nimejitayarisha tangu alfajiri.

"Shoga," nilimwambia, "lile kovu la mgongoni. Alilipataje?"

Vidole vilisimama. "Hajakwambia?"

"Kanambia lori."

Alifikiri, nami nikamwona anafikiri, na nikaona kwamba anajua kila kitu, mvua ilikuwa namna gani, nani alikuwa ameshika usukani, mwenzake alisema nini mwisho.

"Basi ni lori," alisema, na vidole vikaanza tena.

"Mimi shoga yako. Huwezi kunificha."

"Kanga tumegawana, shoga yangu," alisema. Hakusema kwa ubaya. "Na mumeo nimekuachia, nawe wajua kama nimekuachia. Lakini yule alokufa ni wangu. Siku yake ile ndo kitu pekee alichoniletea mumeo kutoka kule. Hiyo siigawi."

Nilikaa na mnyaa mmoja mkononi, maji yananichuruzika mpaka kiwiko. Chini barzani muuza kahawa alikuwa akipita anagonga vikombe. Nilitaka kumwambia aondoke nyumbani kwangu asirudi tena, na nilijua vizuri siwezi, mimi ndiye niliyekikata kile kitambaa.

"Nipe huo," alisema, akanyoosha mkono. Nikampa.

Msala wangu ulikwisha kabla ya Ramadhani. Tuliitandika yote miwili, wa mume wangu mbele na wangu nyuma yake, kwa kuwa yeye ndiye anayetusalisha. Nilikuwa nikisimama pale na mgongo wake uko mbele yangu, kanzu nyeupe niliyoipiga pasi mimi, na kovu liko chini ya kanzu. Natia nia, naleta takbiri, na kila mara, kabla sijaanza kusoma, lazima kwanza nijikumbushe kwamba ni lori.